Kongwa Haikuwa Pori Tupu

Ndugu msikilizaji, ukisafiri kutoka Morogoro kwenda Dodoma, ukishaipita Gairo, milima inabaki nyuma na nchi inafunguka mbele yako. Ni mbuga, vichaka vya miiba, mibuyu, na hapa na pale kundi la ng'ombe na kijana mwenye fimbo. Pale Mbande unaiacha barabara kuu na kuelekea Kongwa. Juma hili nataka tuzungumze juu ya nchi hiyo, maana kila nikipita huko namsikia abiria mmoja ndani ya basi akisema: "Ardhi yote hii, na haina kazi!"

Maneno hayo si mageni. Yalikwisha kusemwa, na yaliwagharimu waliyoyasema.

Kongwa ni sehemu ya Ugogo. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na haitabiriki. Mwaka huu inakuja, mwaka ujao inakudanganya. Wagogo walilijua hilo tangu zamani. Walilima uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame, na akiba yao kubwa ikawa ng'ombe. Tena mtu hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja. Aliitawanya kwa ndugu na marafiki, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande wa pili usalimike. Eneo lililoonekana tupu lilikuwa malisho ya kuhamia miezi ya kiangazi.

Akiba hiyo ilipoguswa, watu walikufa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka kwenye ndege. Wakaona pori lenye watu wachache. Wakaamua: hapa tutalima karanga kwa matrekta.

Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Mashine zililetwa kwa wingi, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta ili kung'oa vichaka. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana ni kama 7,500.

Ardhi yenyewe ilikataa. Kiangazi udongo ule hukauka ukawa mgumu kama tofali, na chembe zake za mawe zilikula majembe ya mashine. Kisha ukame ukaja, kama ulivyokuwa ukija siku zote. Januari 1951 mradi uliachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli ikang'olewa.

Ardhi ile ikafanywa nini? Ikarudi kwa ng'ombe. Ranchi ikaanzishwa, na baadaye ikawa chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa. Pauni milioni 36 zilitumika ili kujifunza jambo ambalo mchungaji yeyote wa Kigogo angelieleza bure, akiwa amekaa chini ya mbuyu.

Na karanga? Zinalimwa Kongwa hadi leo, katika mashamba madogo ya wenyeji. Kosa halikuwa la karanga. Lilikuwa la mtu aliyepanga kabla ya kuuliza.

Tofautisha na wageni wengine. Kuanzia 1964, wapigania uhuru wa FRELIMO, na baada yao wa ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU, walipiga kambi Kongwa. Hao waliishi na wenyeji kama majirani, na wengine wakaoa huko.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mjini, siku utakapopita ukaona nchi pana na ng'ombe wachache, usiharakishe kusema haina mwenyewe. Huenda mwenyewe yuko ng'ambo ya kilima na mifugo yake, anangoja mvua ili arudi. Kuuliza si ujinga.