Kuinua Gari Nyumbani: Historia ya Sentimita Tano

Haya wasomaji, leo kompyuta tunaiweka kando kidogo. Leo ni springi, jeki na mikono yenye grisi. Lakini usiondoke, maana mwishoni utaona kwamba mambo ni yaleyale.

Mama yangu anaishi Taita, kilomita chache baada ya lami kuisha. Mvua za Novemba zikianza, ile njia hugeuka mfereji wenye mawe katikati. RAV4 yangu kuukuu imegonga tumbo pale mara tatu. Mara ya tatu sampu ya oili ilipasuka na oili yote ikamwagika, nami nilikuwa nampeleka mama hospitali. Mama alimalizia safari kwa bodaboda, na mimi nikabaki na gari bovu na aibu yangu. Siku hiyo niliapa: gari hili litapanda juu sentimita tano, na nitalipandisha mwenyewe.

Sasa, sisi tunaoandika programu tuna mazoea fulani. Kabla hujafuta mstari alioandika mwenzako, jiulize kwanza kwa nini aliuweka. Basi nikajiuliza: kwa nini walioliunda gari hili hawakuliweka juu zaidi tangu mwanzo? Swali hilo ndilo lililonitia kwenye historia.

Kwanza, gari lilizaliwa refu. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikaa juu sana, kwa sababu nje ya miji ya Marekani wakati huo njia nyingi zilikuwa tope tupu. Springi zake zilikuwa za mabapa, zilizorithiwa kutoka magari ya farasi: vyuma vyembamba vilivyolaliana, kama unavyoona mpaka leo chini ya lori. Lami ilipoenea, magari yakaanza kushuka. Gari la chini hukata upepo vizuri, hutulia kwenye kona, na abiria huingia bila kupanda. Kwa maneno mengine, kimo cha gari ni jibu la swali la barabara. Barabara ikibadilika, jibu hubadilika.

Vita Kuu ya Pili ikarudisha urefu kupitia jeep za jeshi la Marekani. Mwaka 1948, kwenye maonyesho ya Amsterdam, Waingereza wakazindua Land Rover, ambayo wazo lake lilitokana na jeep hiyo. Ilikuwa na springi za mabapa mbele na nyuma. Kuinua gari la namna hiyo hakukuhitaji elimu kubwa: unaongeza bapa moja, au unafunga vishikio virefu kwenye ncha za springi, au unaihamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuiweka juu yake. Lakini ukirefusha vishikio, ekseli nayo huinama kidogo. Ikiwa ni ya mbele, steringi huanza kutangatanga barabarani kama mbuzi aliyekata kamba. Tangu zamani, urefu haukutolewa bure.

Sisi Wakenya tunaweza kujivuna kidogo hapa. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ndiyo yakawa Safari Rally. Magari yalikuwa ya kawaida kama yale ya mjini, lakini njia haikuwa ya kawaida! Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404.

Timu kubwa za ng'ambo zilipokuja zilijifunza kwamba gari la Safari lazima likae juu kuliko gari la mashindano ya Ulaya. Ila tazama kwa makini: hazikuongeza urefu peke yake. Ziliongeza na nguvu za springi, na shokabzoba (yale mabomba yanayotuliza mruko wa springi), na bamba la chuma chini ya injini. Watu kama Joginder Singh na Shekhar Mehta walishinda Safari kwa magari yaliyotengenezwa upya mwili mzima.

Mwaka 1970 ikaja Range Rover yenye springi za koili pembe zote nne. Gari likapanda mawe na bado likakaliwa kwa raha. Halafu mwaka 1994 Toyota ikatoa RAV4, ndugu yake huyu wangu. Hili halina chesisi kama ya lori, na mbele lina mfumo wa MacPherson, ambao Ford waliutumia kwenye Consul ya mwaka 1950: springi na shokabzoba ni kitu kimoja, kinachosimama wima kati ya tairi na bodi. Kuliinua ni rahisi ajabu. Unaweka kipande cha chuma juu ya nguzo hiyo, chini ya bodi, na kazi imekwisha. Au ndivyo nilivyodhani.

Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliipa Suzuki Samurai alama ya kutokubalika, likisema hupinduka kwa urahisi. Suzuki walipinga na mwaka 1996 wakaenda mahakamani. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2004. Wakati kesi ikiendelea, mwaka 2001 serikali ya Marekani ilianza kuyapa magari alama za hatari ya kupinduka kwa hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza: chukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili.

Tujaribu kwa namba za mfano. Upana mita 1.5, kitovu cha uzito sentimita 70 kutoka chini: 1.5 gawanya kwa 1.4 ni 1.07. Inua kitovu hicho sentimita tano: 1.5 kwa 1.5 ni 1.00. Inua kumi: 0.94. Namba ikishuka, gari linakaribia kulala ubavu unapokwepa ng'ombe ghafla. Mpango wangu wa sentimita tano ulianza kunitisha.

Kilichonigusa zaidi ni historia ya wahandisi waliokuwa na uwezo wa kutoa urefu wapendavyo. Citroën DS ya mwaka 1955 ilikuwa na mfumo wa mafuta na gesi, na dereva aliinua gari kwa wenzo. Mwaka 1992 Range Rover ikapata springi za hewa zinazoongozwa na kompyuta. Kwenye mawe gari linapanda. Likishika kasi ya barabara kuu, linashuka lenyewe. Unaona? Wale wenye uwezo wote waliupa urefu muda wake, kisha wakaurudisha. Kipande changu cha chuma hakina akili hiyo. Kitabaki palepale nikiwa kwenye mawe ya Taita, na palepale nikiwa kilomita 100 kwa saa Mtito Andei.

Jumamosi ikafika. Binamu yangu alikuja na jeki ya pili, na mzee mmoja jirani, fundi mstaafu, akaja kutusimamia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Vijana, gari halilali juu ya jeki. Lalisheni juu ya stendi." La pili lilikuwa kuhusu nati ya katikati, juu ya nguzo ya springi. "Hiyo msiiguse. Hapo ndani springi imebanwa. Ikifunguka bila kibanio, itampeleka mtu kaburini." Sisi tulifungua nati ndogo za pembeni tu, tukateremsha nguzo nzima, tukaweka kipande juu yake.

Kisha mzee akashika shafti ya tairi la mbele na kuniuliza, "Umeona ilivyoinama? Ukiweka tano, hii jointi haitakumaliza mwaka." Tulipima, tukabishana, tukaweka tatu, mbele na nyuma. Tukahakikisha mipira ya breki haivutiki tairi likining'inia. Chini ya sampu tukafunga bamba la chuma, kama walivyofanya watu wa Safari. Jumatatu nikapeleka gari kunyooshwa tairi, maana lilikuwa likivuta kushoto.

(Wenye Prado, jihadharini: mbele, nguzo yenu imekaa katikati ya mkono wa chini, kwa hiyo kipande cha sentimita mbili na nusu huinua gari karibu tano. Msinakili namba zangu.)

Juzi nilikwenda Taita. Lile jiwe lililonipasulia sampu nilipita juu yake bila hata mkwaruzo. Nikafika nyumbani nikiwa shujaa, nikamfungulia mama mlango. Akalitazama gari, akatazama goti lake, akasema, "Mwanangu, gari umelipandisha. Na mimi nani atanipandisha?"

Sentimita tatu tu, wasomaji! Mtumiaji wa mfumo wangu sikumuuliza hata mara moja. Siku hizi kwenye buti nina kigoda cha mbao, na hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote nilivyofunga.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.