Hofu Mbele ya Kitambaa Cheupe

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza jambo ambalo kwa wengi laonekana kuwa mchezo mtupu, nalo ni desturi ya watu kukusanyika usiku ili kutazama sinema za kutisha. Mtu wa Nyaishozi, huko Karagwe, huenda akauliza: Ni akili gani hii, mtu kutoa fedha yake ili atiwe hofu? Swali hilo ni jema, na historia yaweza kulijibu.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Muda si mrefu baadaye walionyesha picha ya garimoshi likiingia stesheni. Ikaenea habari ya kuwa watazamaji walipoliona linawajia, waliruka vitini wakakimbia. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi sana, lakini wanahistoria waliotafuta ushahidi wa siku zile hawakuupata. Tuikumbuke habari hiyo, maana ndugu yake alikuja kutembea hata Afrika.

Mwaka 1935 palianzishwa majaribio ya sinema za kuwafundishia Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, Notcutt na Latham, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga picha za kuweka akiba posta, za ugonjwa wa safura, na za mambo mengine ya manufaa. Kisha wakazichukua kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, na maelezo yakasikika kutoka katika sahani za santuri. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1937.

Katika miaka hiyo wakubwa wengi wa serikali waliamini kwamba mwanakijiji wa Afrika hawezi kutenga picha na kitu chenyewe. Mmoja wao alikuwa William Sellers, aliyefanya kazi ya afya Nigeria, kisha akasimamia idara ya filamu za makoloni iliyoundwa mwaka 1939. Yeye alifundisha kuwa filamu za Waafrika ziende polepole, zisiwe na hila yoyote ya kamera. Ikasimuliwa pia kwamba watu fulani walionyeshwa mbu juu ya kitambaa, naye akaonekana mkubwa mno, nao wakajibu kuwa kwao hakuna hatari, maana mbu wao ni wadogo. Lakini hadithi hiyo ilisimuliwa katika nchi nyingi, na kila mara kijiji kilikuwa kingine. Hadithi inayohamahama hivyo si ushahidi. Tena hata kama maneno hayo yalisemwa mahali fulani, nani atuhakikishie kuwa msemaji hakuwa akifanya mzaha?

Tazameni sasa upande wa pili. Mwaka 1931 Wamarekani walitoa filamu za Dracula na Frankenstein, na watu wa Ulaya wakajipanga milangoni ili watishwe. Huko Uingereza filamu za namna hiyo zilitiwa alama ya herufi H, ili wazazi wajihadhari. Basi hofu ya mtu wa London iliitwa burudani, na hofu ya mwanakijiji ikaitwa ujinga. Kosa lilikuwa hapo.

Kwa kweli watu wa nchi zetu walikuwa na elimu ya hofu kabla sinema haijazaliwa. Jirani zetu Wahaya wana desturi kwamba msimuliaji aanzapo hadithi husema kuwa alikuja akaona, nao wasikilizaji humjibu aone, nao wapate kuona. Kisha hutajwa mazimwi, na watoto husogeleana. Kila mmoja ajua kuwa zimwi halimo chumbani, hata hivyo moyo wampiga. Huo si ujinga. Ni mapatano baina ya msimuliaji na wenzake.

Mapatano hayo yaliingia hata katika sinema. Katika vile vyumba vidogo vya video viitwavyo vibanda umiza, filamu za kigeni zilifasiriwa kwa Kiswahili na watu kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake iliongeza mzaha na maelezo. Mwanzoni mwa karne ya 21, Mussa Banzi wa Tanzania alitoa filamu za kutisha ziitwazo Nsyuka na Shumileta, zenye mizimu na majini yajulikanayo kwetu. Na tangu mwaka 1998 watu wa mataifa mbalimbali wamekutana Unguja katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, wakitazama picha chini ya nyota, ndani ya kuta za Ngome Kongwe. Tamasha hilo limepeleka picha hata vijijini.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mtu hatoi fedha yake ili aogope peke yake, bali ili aogope pamoja na wenzake, kisha waicheke hofu ile wakirudi nyumbani. Mtoto mdogo asiyejua bado mapatano hayo asipelekwe, maana kwake zimwi ni zimwi. Bali mtu mzima apigaye kelele gizani asidharauliwe, awe wa Paris au wa Nyaishozi. Anajua sana kwamba mbele yake pana kitambaa tu.