Mfinyanzi aliyefungua madaftari yake

Unauza kila siku, lakini hujui faida iko wapi? Hata Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Staffordshire, Uingereza, yalimkuta hayo. Mwaka 1772 mabenki yalianguka London, mikopo ikawa adimu, wateja wakapungua na vyombo vikamjalia ghalani.

Unajua alifanya nini? Alikaa na madaftari, akapiga hesabu ya kila chombo: udongo, makaa, ujira wa mafundi, kodi ya ghala. Akagundua mambo mawili. Kwanza, kodi na mishahara ya makarani hulipwa tu, uwe umetengeneza vyombo 10 au 1,000. Kwa hiyo ukitengeneza vingi vya aina moja, gharama ya kila kimoja inashuka. Pili, karani wake mkuu alikuwa anamwibia!

Wedgwood akapanga bei upya, na kiwanda kikasalimika.

Basi na wewe, unapoandaa taarifa ya faida na hasara, tenga gharama zinazopanda pamoja na uzalishaji na zile unazolipa hata usipouza kitu. Halafu ikague mwenyewe. Usimwachie karani kila kitu.