Kipande cha shingoni na arafa inayokujua jina

Kibarua wa bara aliyevuka Makupa kuingia Mombasa miaka ya 1920 kutafuta kazi bandarini Kilindini alikuwa na taarifa zake shingoni. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha bati. Nakala ya alama hizo ilikaa Nairobi. Akitoroka kazi, mwajiri aliripoti, karani akapekua majalada, na amri ya kukamatwa ikamfuata kibarua aliko.

Mwanaharakati Harry Thuku aliupinga mfumo huo, akatiwa mbaroni Machi 1922. Kipande kiliondolewa mwaka 1947, vitambulisho vikachukua nafasi yake. Lakini hazina ya majina ilibaki, ikazidi kunenepa.

Huduma ya kutuma pesa kwa simu ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu vilianza kuandikwa katika madaftari ya mawakala, Makupa kama kwingineko. Mwaka 2010 serikali ikaagiza kila laini isajiliwe. Hapo mtu na simu yake wakafungwa pamoja.

Kilichofuata kilikuwa kazi nyepesi ya kompyuta. Mtumaji ana orodha: jina, nambari, wadi. Anaandika ujumbe mmoja wenye nafasi wazi, programu inazijaza, na maelfu ya watu wanapokea arafa, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Wakenya waliripoti kupata arafa za wagombea zilizowataja kwa majina na hata vituo vyao vya kupigia kura. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimwonyesha mkuu mmoja wa kampuni ya data na kampeni za kisiasa ya Cambridge Analytica akijisifu kuhusu kazi ya kampuni hiyo katika kampeni za Kenya.

Katiba ya 2010 ilikuwa imelinda faragha katika Kifungu cha 31, ila sheria ya kulinda data ilisubiri hadi Novemba 2019. Kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka uliofuata. Septemba 2023 ofisi yake iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizotolewa na watu wengine kutuma jumbe za vitisho.

Tofauti na kibarua wa Kilindini, leo mwenye taarifa ana pa kulalamikia. Arafa ikikuita kwa jina na humjui aliyeituma, ihifadhi, muulize nambari yako aliipata wapi, kisha upeleke malalamiko kwa kamishna wa data. Na daftari lolote likiwekwa mbele yako, uliza linahifadhiwa wapi kabla hujashika kalamu.