Kadi Ipo, Mtandao Haupo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, zilipitia FidoNet: ziliandikwa, zikakusanywa, zikasubiri modemu ipige simu, ndipo zikaondoka kwa mkupuo. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Baadaye Linux ilifika Kampala, na kwa muda mrefu haikuelewana na wifi.

Kiwango cha wifi kilitolewa 1997, lakini watengenezaji kadhaa wa chipu, Broadcom wakiwa mbele, hawakuwapa watu wa Linux maelezo ya kuziendesha. Baadhi wakaazima draiva za Windows kwa programu ya ndiswrapper. Wengine wakaichokonoa draiva ya Broadcom yenyewe kwa subira, mpaka draiva ya b43 ikaingia kwenye kerneli Januari 2008. Hata hapo kazi haikwisha. Kadi nyingi za wifi huamka tupu. Kila zikiwashwa lazima zipakiwe femuwea, programu ndogo inayoziongoza, na femuwea ya chipu za Broadcom ilikuwa mali ya kampuni. Haikuruhusiwa kusambazwa pamoja na Linux, kwa hiyo ilibidi kuipakua. Yaani, ili upate mtandao, uwe nao kwanza!

Penye waya wa intaneti ukutani, hilo lilikuwa jambo la dakika chache. Kampala palikuwa na kazi. Kabla ya mkonga wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, intaneti ya Uganda kwa sehemu kubwa ilipitia setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza. CD za Ubuntu, aina moja ya Linux, zilitumwa bure kwa posta duniani kote chini ya mpango wa ShipIt, uliofungwa 2011, zikiwa na karibu kila kitu isipokuwa femuwea ile. Mimi nadhani wengi walioijaribu Linux wakaitupa siku hiyo hiyo waliilaumu bure.

Broadcom ililegeza msimamo Septemba 2010, ikatoa draiva ya wazi kwa baadhi ya chipu zake. Google nayo ikatangaza mtandao wake wa nyuzi Kampala 2013, na mwisho wa 2015 ukaanza kubeba wifi ya mitaani. Debian, watoaji wa aina nyingine ya Linux wenye msimamo mkali kuliko wengi, walisubiri hadi toleo la 12, mwaka 2023, ndipo wakaweka femuwea kwenye diski rasmi ya usakinishaji.

Siku hizi fundi haangalii jina lililo kwenye boksi, kwani modeli moja huweza kubadilishiwa chipu kimyakimya. Huuliza kompyuta yenyewe kwa amri: lspci kwa kadi ya ndani, lsusb kwa ile ya kuchomeka. Kisha rfkill, asije akahangaika na kadi iliyozimwa kwa swichi tu. Dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikilalamika kwamba femuwea haipo, huchomeka simu kwa waya wa USB, akawasha ushirikishaji wa intaneti na kupakua kinachokosekana kwa bando lake. Simu yenyewe mara nyingi ni Android, na ndani yake inazunguka kerneli ile ile ya Linux.