Moshi ya Mlimani na Moshi ya Reli

Mji wa Moshi tunaoujua leo, wenye mnara wa saa, stendi na barabara zilizopimwa kwa kamba, ni mtoto wa reli. Moshi iliyotajwa na wasafiri wa karne ya 19 ilikuwa juu, migombani, katika eneo ambalo leo ni kata za Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi. Wageni wanaokuja kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hupelekwa Machame au Marangu, na wanaoelekea Marangu hupita Kiboriloni bila kuambiwa kwamba barabara inayopanda kutoka pale inakwenda Tsuduni na Kidia, alikoketi Mangi, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Wala si wageni peke yao. Wapo waliozaliwa Pasua au Majengo, hapa mjini, wakasoma hapa, wakaoa hapa, na hawajawahi kukanyaga Old Moshi. Jambo hilo linanihuzunisha, kwa sababu jina tunalolitumia kila siku tumelichukua kule.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Moshi ilikuwa chini ya Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Alikuwa na jicho moja, alijua Kiswahili vizuri, na alielewa mapema kuliko wengi kwamba misafara inayotoka Mombasa na Pangani kutafuta pembe za ndovu na watumwa ilihitaji maji, ndizi na mahali pa kupumzika. Yeye akawa mwenyeji wao. Mmisionari Charles New alifika kwake mwaka 1871, akapanda mpaka kwenye theluji. Aliporudi safari ya pili, Rindi alimpokonya mali yake. Mwaka 1885 ulikuwa wa ajabu zaidi. Bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar ilipandishwa Moshi na Lloyd Mathews, kisha, muda mfupi baadaye, Rindi akafanya mkataba na Mjerumani Karl Jühlke. Mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianza kazi kwake. Mwaka 1889 wajumbe wake walifikishwa Berlin mbele ya Kaisari, wakiwa na zawadi ya pembe.

Mimi simwoni Rindi kama mtu aliyeiuza nchi yake kwa ujinga. Alikuwa amezungukwa na mahasimu, hasa Mangi Sina wa Kibosho, na kila mgeni mwenye bunduki alikuwa kwake karata ya kuchezea. Alifariki mwaka 1891, kabla hajaona wageni hao walivyogeuka kuwa wenye nyumba.

Aliyeliona hilo ni mwanawe, Meli. Juni 1892 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Baroni von Bülow kilipanda kumshambulia. Wapiganaji wa Moshi walikishinda, na von Bülow akafa kwa majeraha yake. Wajerumani waliondoka mlimani kwa muda, na CMS, wakishutumiwa kuwa upande wa Meli, wakalazimika kufunga kituo chao. Mwaka mmoja tu baadaye, Agosti 1893, Kanali von Schele alikuja na jeshi kubwa, akaivunja nguvu ya Moshi. Boma la Kijerumani likajengwa palepale Old Moshi, na Kapteni Kurt Johannes akawa bwana wa mlima.

Machi 2, 1900, Meli na wenzake 18 walinyongwa Old Moshi mbele ya watu. Miongoni mwao walikuwamo mamangi wenzake, Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Walishtakiwa kwamba walipanga njama ya kuwaondoa Wajerumani. Simulizi za kijijini zinasema Meli alichukua saa nyingi kukata roho. Familia yake inaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mti unaoonyeshwa kuwa ndio alionyongewa bado upo Tsuduni, na karibu yake imewekwa sanamu yake.

Juu zaidi, Kidia, liko kanisa la Kilutheri. Wamisionari wa Leipzig walichukua nafasi iliyoachwa na CMS, na kwa miaka mingi Bruno Gutmann aliishi pale akiandika mila na sheria za Wachaga kwa kina ambacho watafiti wanakitegemea hadi leo. Hapo kanisani, bomani na kwenye ule mti, kwa mwendo mfupi wa mguu, mtu anaweza kusoma nusu karne ya historia ya Tanganyika.

Kilichouhamisha mji ni chuma. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilitambaa taratibu, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na hatimaye, mwaka 1911, chini ya Kilimanjaro. Treni haikuweza kupanda hadi kwa Mangi, hivyo jina likateremka kuifuata. Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliutwaa mji, na Waingereza wakaiunganisha reli hiyo na ile ya Voi. Maduka ya Wahindi, msikiti wa Riadha na hekalu la Kihindu vikajipanga kwenye mitaa ya chini, na Mawenzi, jina la kilele cha pili cha mlima, likawa jina la barabara, la kata na la hospitali ya mkoa.

Mji huo mpya ulilishwa na kahawa. Mbegu zililetwa na mapadri wa misheni ya Kilema, zikaingia vihambani chini ya kivuli cha migomba, zikanyweshwa kwa mifongo, yaani mifereji ya maji, iliyochimbwa na wazee vizazi vingi kabla. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, KNPA, na Joseph Merinyo akawa rais wake, huku masetla wakipinga Mwafrika kulima kahawa. Mwaka 1933 ukazaliwa Ushirika wa KNCU. Jengo lake karibu na mnara wa saa, kwangu, ndilo jengo lenye maana kuliko yote ya mjini, maana limetokana na jasho la wakulima wenyewe. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha mwaka 1984. Mkulima aliumia katika miaka hiyo, na sitaki jambo hilo lifichwe kila tunapousifu ushirika.

Na habari ya mti ule wa Tsuduni haijaisha. Septemba 2023 Taasisi ya Urithi wa Prussia ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha fuvu moja lililokuwa na jina Akida kuwa na jamaa walio hai Kilimanjaro. Inaaminika kuwa ni la Akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana katika matokeo hayo. Akida na wengine ambao mabaki yao yalipelekwa Ujerumani wanapaswa kurudishwa kwa heshima, na wakati huo ukifika tutahitaji mahali pa kuwapokea. Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya zinaweza kuanza leo: kuweka kibao kinachosomeka Kiboriloni, kukarabati kilichobaki cha boma, na kuwashawishi waongozaji watalii watenge nusu siku ya Old Moshi kabla mgeni hajavaa viatu vya kupandia mlima.