Chinchila na sikio la usaha

Nimepotea wiki mbili tatu, testi zilikuwa zimetukaba koo na nyie wenyewe mnajua chuo kikishaanza kukaba. Leo naleta historia, ila si ya Kinjekitile wala ya Mkutano wa Berlin. Mhusika mkuu ni mnyama mdogo mwenye manyoya ambaye nina hakika wengi wenu hamjawahi kumtia machoni. Anaitwa chinchila.

Imekuwaje? Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni Historia, lakini semesta hii tuna kozi ya elimu maalumu. Kikundi chetu kikapewa swali la watoto wanaozaliwa wakisikia vizuri halafu baadaye wanapoteza usikivu. Wenzangu wakawahi homa ya uti wa mgongo na dawa kali, mimi nikabakiziwa masikio yanayotoa usaha. Watu wakacheka. Kwani nani asiyejua sikio la usaha? Kila mtaa una mtoto wa namna hiyo, anawekewa pamba, anatiwa mafuta ya nazi, na bibi anasema ataacha akikua.

Basi bwana, nikakutana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004. Humo nchi zimepangwa kwa makundi kulingana na ukubwa wa tatizo. Kundi la juu kabisa ni la zaidi ya asilimia 4, na Tanzania imo, pamoja na India, Visiwa vya Solomon, Guam, Greenland na Waaborijini wa Australia. Kwa dunia nzima walikadiria kuwa wenye masikio ya usaha ni kati ya milioni 65 na milioni 330, na asilimia 60 yao usikivu umepungua. Hapo sasa hakuna cha kucheka.

Tuelewane kwanza kuhusu sikio lenyewe. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu. Chumba hicho kina mrija unaotokea nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo akishikwa na mafua bakteria wanapanda kama wanapanda ngazi ya kwao. Sasa utauchunguzaje ugonjwa huo tangu saa ya kwanza? Hapa Mikocheni tuna majirani zetu wa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI. Wao wakitaka kujua ugonjwa wa mnazi wanauchunguza mnazi wenyewe. Kwa mtoto haiwezekani. Huwezi kumpandikizia mtoto wa mtu bakteria kwa makusudi, halafu ufungue sikio uangalie kimetokea nini.

Ndiyo maana tangu mwanzo wanyama wamo. Mwaka 1881 Louis Pasteur alitangaza kwamba sungura aliodungwa mate ya mtoto aliyekufa kwa kichaa cha mbwa walikufa, na si kwa kichaa. Waliuawa na bakteria ambaye leo tunamwita nimokokasi, yule yule wa nimonia na yule yule anayeongoza kushambulia masikio ya watoto. Mwaka huo huo George Sternberg kule Marekani naye akatangaza kumwona, na yeye kwa kutumia sungura.

Lakini sungura wa Pasteur alionyesha kifo tu. Sikio lilihitaji mnyama wake. Panya na simbilisi (wa Iringa mnawajua) walijaribiwa, ila chinchila ana mambo yake. Chini ya sikio ana kifuko kikubwa cha mfupa chenye ukuta mwembamba, sindano inapita bila tabu. Anasikia sauti kwa kiwango kinachokaribiana na chetu, kwa hiyo unaweza kupima usikivu ulivyopungua. Na mara chache sana huugua sikio mwenyewe, kwa hiyo akiugua unajua ni wewe umemuuguza.

Historia ya mnyama huyu inasikitisha kidogo. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Aliwindwa kwa ajili ya manyoya hadi karibu atoweke, na mwaka 1910 Chile, Peru, Bolivia na Argentina zikawekeana mkataba wa kumlinda. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi, Mathias Chapman, akafika California na chinchila 11. Ufugaji wa Marekani ukaanzia hapo, na lengo lilikuwa makoti ya matajiri. Maabara zilikuja baadaye. Yaani mnyama aliyefugwa kwa ajili ya mabega ya wanawake wa kitajiri akaishia kutufundisha masikio ya watoto.

Aliyemwingiza rasmi kwenye somo hili ni daktari wa watoto Scott Giebink na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1976. Walipandikiza bakteria moja kwa moja kwenye kile kifuko na kufuatilia ugonjwa hatua kwa hatua. Mwaka 1980 wakatoa jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote, maana hata mwanafunzi wa kidato cha pili unaweza kumwelewesha. Chinchila waliowekewa puani virusi vya mafua makali peke yake, asilimia 4 waliugua sikio. Waliowekewa nimokokasi peke yake, asilimia 21. Waliowekewa vyote viwili, asilimia 67. Mama zetu wanaosema "mafua yamemshukia sikioni" hawakuwa mbali na ukweli.

Na chanjo? Mwaka 1979 kundi hilo hilo lilionyesha kwamba chinchila waliochanjwa dhidi ya aina moja ya nimokokasi walikingwa masikio yao. Nisiwadanganye, chanjo ya watoto ilisukumwa zaidi na nimonia na uti wa mgongo, magonjwa yanayoua. Sikio lilipanda lifti ya wengine. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2000, Wafini walikuwa tayari wanaipima kwa watoto 1,662, na mwaka 2001 wakatoa majibu. Maambukizi ya sikio yaliyoletwa na aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 57. Lakini ukihesabu maambukizi yote ya sikio, yalipungua kwa asilimia 6 tu. Kumbe kuna bakteria wengine wamekaa kwenye foleni. Mmoja wao ni Haemophilus influenzae, na ndiyo maana chanjo iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ilibebeshwa protini ya bakteria huyo. Kingamwili za binadamu dhidi ya protini hiyo zilijaribiwa kwa nani? Kwa chinchila, mwaka 2006.

Kwetu chanjo ya nimonia ilizinduliwa Dar es Salaam Desemba 2012. Sisi wa chuo sasa hivi hatukuipata, tulishakuwa wakubwa. Mdogo wangu wa mwisho anayo kwenye kadi ya kliniki, wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Sasa hapa ndipo mimi roho inaponiuma. Nilipokwenda fildi, katika shule moja ya msingi Temeke, nilikuwa na mtoto wa darasa la nne aliyekaa dawati la nyuma peke yake. Wenzake walimhama kwa sababu ya harufu ya sikio. Mama yake aliniambia linatoa usaha tangu hajaanza shule. Walimu walimwona mzito. Nilipomhamishia mbele, upande wa sikio zima, akaanza kunyoosha kidole.

Ugonjwa wa mtoto yule si ule wa chinchila wa Minnesota. Ule ni wa siku na wiki: homa, maumivu, kilio usiku. Huu wa kwetu kiwambo kimetoboka na usaha unatoka miezi na miaka, na bakteria wake mara nyingi ni wengine kabisa, hasa Pseudomonas aeruginosa. Wenye fedha za maabara walichagua kuchunguza kinacholiza watoto wao. Siwalaumu, ila tuseme ukweli.

Mwaka 1996 lilitoka jaribio la wilaya ya Kiambu, Kenya, lililofanyika kwa watoto 524 wa shule za msingi. Waliokaushwa masikio kwa pamba tu, asilimia 22 usaha ulikoma. Ambao hawakufanyiwa kitu, asilimia 22 vile vile! Waliokaushwa na kupewa antibiotiki na matone ya dawa, asilimia 51. Ni hatua kubwa, ila bado nusu wanabaki na usaha.

Kwa nini dawa inashindwa? Chinchila alisaidia hapo pia. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba bakteria ndani ya sikio lake hujijengea utando na kujificha humo. Mwaka 2006 wakautafuta utando huo kwa watoto wenye matatizo sugu ya sikio, wakaukuta kwenye sampuli 46 kati ya 50.

Ila mnyama wa ugonjwa wetu hasa alichelewa. Kulikuwa na majaribio kwa kima, lakini ni mwaka 2021, miaka 45 baada ya Giebink, ndipo watafiti wa Stanford walipochapisha kuhusu panya wadogo waliotobolewa kiwambo na kuwekewa Pseudomonas anayetoa mwanga, ili waweze kumwona bila kumpasua mnyama. Walimfuatilia kwa siku 100. Kiwambo kiligoma kufunga na usaha ukatoka, kama kwa yule mtoto wa Temeke. Wakawatibu panya kwa ofloksasini, dawa ya kawaida kabisa ya ugonjwa huu. Ule mwanga ulipungua kwa muda tu.